Dawa Isiyogusa Nyasi

Gumbo, Juba
14 Aprili 2024

Kaka yangu Jubek,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Proscovia na goti lake, na kwa watoto wote. Sisi hapa tunazisukuma siku. Binti yangu Night amemaliza mtihani, anangoja majibu, na kungoja kwenyewe ni kulala chali na simu usoni. Mke mwenzangu Tisa naye mzima, anakusalimu. Marehemu mume wetu Sunday alipotuachia nyumba moja wake wawili, watu walisema tutang'oana nywele kabla ya arobaini. Huu ni mwaka wa tatu na nywele zetu zipo. Tunagombana juu ya chumvi tu.

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Simu yangu husikilizwa na nyumba nzima, yako hushika mtandao ukiwa umepanda juu ya tangi la maji, na sitaki uvunjike shingo kwa ajili ya ng'ombe. Tulifundishwa kuandika barua kule Kitale, Baba alipokuwa mkamuaji, basi tuandike. Dereva Mugisha huleta lori la unga kutoka huko kila baada ya wiki mbili tatu, na bahasha si mzigo.

Sasa neno lenyewe. Malisho yamenishinda. Ule uwanja aliouzungushia Sunday waya, mwaka huu nyasi hazionekani. Kumejaa ndulele, kumejaa yale magugu tunayofungia mafagio, na lile la maua ya njano ambalo ng'ombe hulinusa na kulipita. Nang'oa mpaka mgongo unakataa kunyooka, mvua ikinyesha siku mbili yamerudi yote na jamaa zake. Ng'ombe wanne wanakamuliwa na hawajazi ndoo. Krismasi ulisema huko ranchi mnapuliza dawa inayoua majani mapana na kuziacha nyasi. Nilidhani ni majivuno yako ya siku zote. Kama ni kweli, nitumie kidogo. Nimechoka kuinama, kaka.

Wako dada,
Natalina


Karibu na Kigumba, Uganda
5 Mei 2024

Dada Natalina,

Barua yako ilifika ina mafuta ya chapati ya Mugisha, tukaisoma hivyo hivyo. Proscovia anasema goti lake hutabiri mvua kuliko redio. Watoto wanakula kama nzige. Mpe Tisa salamu, mwambie shemeji yake hajamsahau.

Si majivuno. Ndiyo kazi yangu hapa, natunza stoo ya dawa na mabomba. Dawa hii ikigusa jani pana, jani linajikunja, shina linajisokota, mmea unakua ovyo ovyo mpaka unajiua wenyewe. Nyasi haizigusi. Nimempa Mugisha dawa ndani ya chupa mbili tupu za maji ya kunywa, nimeandika SUMU kwa wino mwekundu kila upande. Zitundike juu, watoto wasifikie. Vifuniko vinne kwa bomba la mgongoni la lita ishirini. Puliza asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na upepo, magugu yakiwa bado machanga. Usisogelee muhogo wa jirani, maana nao ni jani pana na hauna wa kuutetea. Vaa mabuti, funika mdomo. Ng'ombe wakae nje ya waya wiki moja, kisha warudi wale. Bomba lioshwe mara tatu.

Ni hayo tu. Usimwambie mtu ilikotoka. Mzee mwenye ranchi ni mtu mwema, lakini stoo yake anaijua kama mfuko wa shati lake.

Stoo inaniita, naishia hapa.

Jubek


Gumbo, Juba
30 Juni 2024

Kaka yangu,

Hatujambo. Night amefaulu, si sana, lakini amefaulu. Joto limepungua, mbu wameongezeka.

Jubek, nakuomba radhi kwa kukuita mwenye majivuno. Tisa ndiye aliyebeba bomba, mimi na mgongo wangu tulikaa kwenye kigoda tukitoa amri. Alivaa mabuti ya marehemu, akajifunga kitenge mdomoni, akatembea mistari iliyonyooka kama mtu anayepima kiwanja. Wapita njia wa barabara ya Nimule wakasimama kumshangaa. Mmoja akauliza, "Mama, wewe napuliza mbu?" Tisa akamjibu, "Hapana. Mimi iko napuliza wavivu." Nilicheka mpaka kigoda kikayumba.

Siku ya kumi magugu yalikuwa yamejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Leo ukija hutaamini ni uwanja ule ule. Nyasi zinafika magotini, na maziwa ni ndoo moja na nusu.

Na samadi imekuwa nyingi. Unamkumbuka Mama Teresa, kiongozi wa wale akina mama wenye bustani mtaa wa Juba Na Bari, kando ya mto? Ameniomba niwagawie msimu huu, maana udongo wao umechoka kama mimi. Tisa hupeleka magunia kwa bodaboda kila Jumanne, anavuka daraja, anawamwagia, hata anabaki kuwachanganyia kwenye matuta. Wamempenda. Tangu ule msiba wa Sunday sikuwahi kuona watu wakimwita jina lake kwa furaha. Unakumbuka yaliyosemwa Sunday alipougua manjano akafa, kwamba mbona aliyempikia wiki ile ni mke mdogo. Sitaki kuyaandika zaidi ya hapo.

Nakushukuru, na mikono yangu inakushukuru.

Natalina


Gumbo, Juba
18 Agosti 2024

Kaka Jubek,

Salamu za mbali. Sijapata jibu lako, na Mugisha ameshapita mara mbili. Labda kazi nyingi. Sisi wazima kwa kutembea.

Bustani za Juba Na Bari zimeharibika. Nilikwenda mwenyewe kuona. Nyanya majani yamejikunja juu, membamba kama ya karoti. Bamia shina limepinda. Kudra, ule mlenda wetu, umeota umesokotwa na kubaki hapo hapo. Kunde ndiyo usiseme. Ajabu ni kwamba mahindi yaliyo kwenye tuta lile lile yamesimama, kijani kilichokoza kwa afya. Mama Teresa amelima pale miaka minane na hajaona ugonjwa unaochagua hivi.

Na watu, wasipojua jambo, hulitafutia mtu. Wameanza kusema kila tuta lililoguswa na mkono wa Tisa ndilo lililokufa. Ni kweli, kwa sababu ndiye aliyemwaga samadi. Wasiopewa samadi bustani zao nzima. Mama mmoja alisema mbele yangu, "Huyu ya Tisa alianza na bwana wake. Leo mboga, kesho watoto." Mwenzake akatikisa kichwa. Unajua kwetu neno sumu likishamshika mwanamke halimwachi.

Nakuuliza wewe mtu wa ranchi: umewahi kuona majani yakijikunja namna hiyo?

Natalina


Karibu na Kigumba
9 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Natalina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na watoto na jirani wote wa Gumbo. Hapa tumepata mvua nzuri. Ng'ombe mmoja amezaa pacha, jambo adimu, watu wametoka hadi barabarani kuja kutazama. Proscovia amepata mafuta ya kuchua goti kutoka kwa mama mmoja wa Masindi na anasema yanasaidia, au labda ni ile harufu inayomsahaulisha maumivu. Mtoto wa tatu amepoteza kiatu kimoja cha shule, tumetafuta hadi kwenye banda la kuku. Kuku nao hawajambo.

Kuhusu bustani, magonjwa ni mengi siku hizi. Kuna nzi weupe, kuna baridi ya mto. Waambie akina mama wawe na subira.

Samadi usiwapelekee tena kwa sasa. Nitakueleza siku nyingine.

Jubek


Gumbo, Juba
2 Oktoba 2024

Jubek,

Nimesoma habari za pacha na za kiatu. Nimefurahi kwa ajili ya kuku.

Kwa nini nisipeleke samadi? Mtu haandiki mistari minne kuhusu goti kisha akanitupia neno kama hilo mlangoni na kukimbia. Nimezaliwa kabla yako, nilikufuta kamasi, najua ukisema uongo unasalimia sana.

Nikuambie la kwangu, ambalo sijamwambia mtu. Nyuma ya jiko nilipanda mistari miwili ya maharagwe, nikaweka samadi yangu mwenyewe. Yameota yakajikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Tisa hakuyagusa, wiki ile alikuwa na homa, mimi ndiye niliyepanda na kumwagilia. Nilipoyaona niliyang'oa yote, nikayatia kwenye moto wa jikoni. Kwa hiyo najua si mkono wa Tisa. Lakini nikisema ni samadi yangu, wataniuliza nimeilisha nini mifugo yangu, na mimi nina watoto wanne wa kuolewa na kuoa.

Wakati huo mambo yanakwenda mbele bila kutungoja. Bombani hawakubali Tisa awashikie jerikani. Kanisani benchi yake ni yake peke yake. Wazee wa mtaa wameitisha kikao, Jumamosi ya tarehe 9 Novemba, Mama Teresa na wenzake watasema yao. Kila mtu anajua mwisho wa vikao hivi: mwanamke anaambiwa afunge mzigo. Tisa ana wapi pa kwenda? Hana mtoto, wazazi wake walifia kambini, nyumba yake ni hii.

Yeye anafagia uwanja wa nyumba kila asubuhi kama kawaida. Kunitazama ndiko alikopunguza.

Nijibu kama mwanamume.

Natalina


Karibu na Kigumba
22 Oktoba 2024

Dada,

Leo sisalimii.

Ni dawa. Mtungi mkubwa ilikotoka dawa ya chupa zako una karatasi ya maelezo, maandishi madogo kama sisimizi. Mstari mmoja unasema dawa hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuisha nguvu, inatoka na mavi na mkojo, kwa hiyo samadi ya mifugo iliyokula nyasi zilizopulizwa isiwekwe kwenye bustani ya mboga. Mahindi hayadhuriki kwa sababu nayo ni jamii ya nyasi. Nyanya, bamia, kunde, kudra, vyote ni majani mapana. Dawa haijui kwamba hiki ni kitoweo.

Nilijua mstari ule tangu mwezi wa tano. Niliuona siku ile ile ninamimina, nikajisemea Natalina anauza maziwa, habari ya bustani itamchosha. Barua yako ya Juni ilipofika na magunia yake ya kila Jumanne, nilielewa yote, na wakati ule bado mngeweza kusimamisha. Nikakaa kimya. Ile dawa niliitoa stoo bila ruhusa, Natalina. Niliogopa swali lingefika mpaka hapa, nami nina kazi hii moja. Nilijiambia labda mvua itaiosha. Kila lori la Mugisha lilipopita nilikuwa na kisingizio kipya.

Nimeibandua karatasi yenyewe kwenye mtungi, imo ndani ya bahasha hii, na nyuma yake nimeandika mstari ule kwa Kiswahili. Mzee ameshaona mtungi uchi. Nilimwambia ni mimi, kuhusu karatasi na kuhusu chupa. Ameniondoa stoo, sasa nachunga ndama. Ni haki yake.

Kama hawataamini karatasi, chukua makopo mawili. Moja tia udongo mtupu, jingine changanya na samadi yako. Panda maharagwe matatu matatu. Baada ya wiki mbili tatu kila mwenye macho ataona.

Isome mbele yao, dada. Taja jina langu kwanza. Nimempa Mugisha na kumsihi asilale njiani.

Jubek


Karibu na Kigumba
18 Novemba 2024

Natalina,

Tisa yuko hapa. Alishuka kwenye lori la Mugisha Jumatano na mfuko mmoja, akasimama kwenye geti la ranchi akauliza kwa mume wa Proscovia. Nilimpokea mfuko. Mugisha ndiye aliyeninong'oneza, "Huyu mama wamemfukuza Gumbo. Mimi iko nabeba yeye bure, hapana weza kuacha yeye barabarani."

Mugisha ameapa bahasha yangu alikukabidhi mkononi tarehe 7. Kikao kilikuwa tarehe 9.

Karatasi uliisoma, au hukuisoma?

Jubek


Gumbo, Juba
1 Desemba 2024

Kaka yangu,

Asante kwa kumpokea. Asante kwa Proscovia.

Mugisha hakusema uongo. Ilinifikia Alhamisi. Ijumaa nilipanda maharagwe kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga, kama ulivyosema. Jumamosi nilikwenda kikaoni na karatasi yako imekunjwa mara nne ndani ya pindo la kitenge changu.

Walianza na maombi. Mama Teresa alisema vizuri, bila matusi, alisema tu aliyoyaona, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Wengine wakamleta Sunday na manjano yake. Mzee mmoja akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Nilikuwa nimeshika pindo. Nikaona nikisimama, macho yote yale yatamwacha Tisa na kuja kwangu, na watakaporudi nyumbani watasema nyumba ya mwenye sumu ni ile yenye wasichana watatu. Mkono wangu ulibaki pale pale.

Tisa hakujitetea. Alinigeukia mimi. "Dada, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Mimi sijui."

Kesho yake wakati wa kanisa aliondoka. Alikuwa ameshafagia uwanja.

Makopo yapo dirishani. La udongo mtupu maharagwe yamenyooka, yana majani mapana mazuri. La samadi yamejikunja. Kila asubuhi nayaona ninapochukua sabuni.

Usimwambie ilifika lini. Nakuomba kitu hicho kimoja.

Natalina


Karibu na Kigumba
27 Desemba 2024

Dada,

Krismasi ilipita. Tulichinja mbuzi. Watoto wamemzoea Tisa, wanamwita mama mdogo.

Nimemwambia kuhusu dawa na samadi, na kwamba nilijua. Nilidhani atanilaani. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza, "Shemeji, hiyo karatasi ilifika Juba siku gani?" Nikasema sijui. Umenipa uongo wa kubeba, nimeubeba, lakini sitaubeba mbali. Mgongo wangu nao umeanza.

Na mimi nina langu, ambalo halinipi usingizi. Siku ya pili alipofika alitupikia maharagwe na posho, ugali wa huku, akaniwekea sahani. Mimi niliyeibandua karatasi ile kwa mikono yangu, mimi ninayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hana kosa, mkono wangu ulisimama juu ya sahani. Ni muda wa kumeza mate tu. Wakati huo nilikuwa namfikiria Sunday. Kisha nikala, nikala yote, nikaomba nyingine. Alikuwa ameshaona.

Tangu siku hiyo akituandalia chakula huonja yeye kwanza mbele yetu, kijiko kimoja kutoka kila sufuria, ndipo atusogezee. Wageni hufanyiwa hivyo kwetu, nakumbuka, ili wasiwe na wasiwasi. Yeye anawafanyia hata watoto. Proscovia alidhani ni desturi nzuri ya Juba.

Amka, Natalina.

Jubek


Gumbo, Juba
2 Februari 2025

Kaka Jubek,

Barua hii msomee Tisa yote, usiruke hata neno.

Jumamosi ya tarehe 25 Januari nilivuka daraja kwenda Juba Na Bari. Nilikuwa nimepanda makopo mapya, maana yale ya kwanza yalikauka. Nilimwomba Mama Teresa awaite wenzake, wakakaa kwenye matuta. Nikasoma karatasi kwa Kiingereza chake, nikasoma mstari wako wa Kiswahili, nikaweka makopo chini. Yaliongea kuliko mimi. Mama Teresa aliyashika moja moja akayageuza. "Kumbe tumemfukuza mtu sakit," alisema, "bure kabisa." Akafunika uso kwa mikono.

Jina lako nililitaja, lakini si la kwanza. La kwanza nilitaja langu. Ndipo yule mama wa siku ile, wa leo mboga kesho watoto, akaniuliza, "Wewe najua hii siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Nikasema, "Kabla ya kikao. Nilikuwa nayo kwenye kitenge."

Heri wangepiga kelele. Walisimama mmoja mmoja wakarudi kwenye bustani zao. Mama Teresa alinisindikiza hadi barabarani kwa sababu ni mtu mzima na ana adabu, lakini hakunipa mkono.

Tangu hapo wateja wa maziwa wamebaki watatu. Maziwa mengine nawapa ndama. Juzi Night alirudi kutoka bombani na jerikani tupu, nami sikuhitaji kuambiwa sababu. Nililolikimbia limekuja na kunikuta nimekaa, na mwenzangu nilikuwa nimeshamtoa bure. Nimechoka, Jubek, lakini angalau sasa nalala.

Kwako Tisa, mke mwenzangu. Wazee wamekaa tena na kulifuta neno lao. Mama Teresa na wengine wawili walikuja nyumbani wakaomba niandike kwamba wanakuita urudi, na kwamba wako tayari kuja hadi mpakani Nimule kukupokea. Hilo ni neno lao, nimelifikisha. La kwangu ni kwamba ulinigeukia mimi peke yangu kati ya watu wote wale, nami nilikuwa najua, nikasema sijui. Sikuombi kitu. Nyumba ni yako kama ilivyo yangu, ukirudi au usiporudi. Uwanja nafagia mimi, na haung'ai kama unapoufagia wewe.

Natalina


Karibu na Kigumba
23 Februari 2025

Dada yangu Natalina,

Proscovia anakusalimu, na watoto. Goti ni lile lile.

Nilimsomea yote. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, sufuria iko motoni. Nilipofika pale pa kitenge nilisita, akasema, "Endelea, shemeji." Nilipomaliza aliniomba nirudie pale uliposema jina lako lilikuwa la kwanza. Nikarudia. Akasema alijua tangu siku ile kwamba unaficha jambo, kwa sababu ulipojibu hukumtazama, na Natalina hajawahi kuogopa kumtazama mtu.

Nilimwuliza kama atarudi. Anasema atarudi, si mwezi huu, labda mvua zikishika, kwa maana malisho yale huwezi kuyang'olea magugu peke yako na dawa hutatumia tena. Anasema Night asiache kwenda bombani. Wakimnyima leo aende kesho.

Mimi nilifurahi, Natalina. Nilifurahi kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikaita watoto, nikasema leo tunakula pamoja, mama yenu mdogo ameitwa nyumbani, jina lake limesafishwa mbele ya Juba nzima. Tukakaa. Tisa akaipua sufuria, akachukua kijiko.

Nikamwambia, "Tisa, acha. Hakuna tena haja ya kuonja. Hapa wote tunajua."

"Najua, shemeji," akasema, na akaonja.

Jubek